Shahidi Mwenye Karatasi ya Kaki

3 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na lifti ya ofisini kwenu imetengenezwa, maana barua yako ya mwisho ilikuwa ngazi tupu, ngazi tangu mstari wa kwanza hadi salamu za mwisho. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Ameacha sukari tena, mara ya pili mwaka huu, na mwaka wenyewe ndio kwanza una mwezi mmoja. Baba naye yupo, kazi zinaendelea.

Utauliza kwa nini mtu wa kompyuta anahangaika na kalamu. Ni kwa sababu ujumbe wa simu huujibu. Unaweka kidole gumba, basi, umemaliza. Safari hii nataka zaidi ya kidole gumba.

Unaikumbuka programu niliyoiandikia karakana ya baba? Unaipa vipimo vya mteja na upana wa kitambaa, yenyewe inatafuta namna ya kupanga vipande vya nguo ili kitambaa kisipotee, halafu inachapisha karatasi yenye mistari. Fundi anaitandaza juu ya kitambaa na kukata. Mafundi wenzake waliiona wakaitaka, nami sikuwa na sababu ya kuwanyima. Sasa iko katika karakana thelathini na moja.

Wiki iliyopita nilipata barua ya wakili wa kampuni moja ya nje. Wanasema namna ile ya kupanga vipande ni yao, wana hataza yake huko kwao, yaani cheti cha serikali kinachosema wazo hili ni la fulani peke yake kwa miaka ishirini. Hapa kwetu sheria haitoi hataza kwa programu ya kompyuta. Bado. Lakini muswada wa kuruhusu jambo hilo umeshaingia bungeni, na ukipita, mimi na karakana zote thelathini na moja tutatakiwa kuacha siku hiyohiyo. Wameniletea fomu niisaini kabla ya mwisho wa Agosti. Inasema nawakabidhi programu na sitaandika nyingine inayofanana nayo maisha yangu yote.

Shangazi, wewe ndiye unayeandika kila neno linalosemwa kwenye jengo lile, hata ndani ya kamati zilizofunga mlango. Niambie jambo moja tu. Unapita au haupiti?

Mwanao,
Mama Maswali

27 Februari

Mama Maswali,

Marahaba. Goti halijapoa na lifti bado imekufa. Kuna fundi huja kila Jumanne, huitazama, hutikisa kichwa na kuondoka. Siku hizi afadhali mimi, nashuka zaidi kuliko kupanda. Mwambie mama yako nampongeza, na ajitahidi afike Machi.

Umeandika kana kwamba nakaa na wabunge nikinywa nao chai. Hebu nikueleze kazi ninayoifanya. Tuko waandishi wanane. Kila mmoja hukaa kwenye meza ndogo mbele ya kiti cha Spika kwa dakika kumi, anaandika nani amesimama na nani amemkatiza. Zikiisha, mwenzake anamgusa bega, naye anaondoka hata kama mbunge ameachwa mdomo wazi katikati ya neno. Anakwenda kuchapa dakika zake kumi huku anasikiliza kanda. Kwa hiyo katika miaka ishirini na tatu nimesikia mianzo mingi sana na miisho michache. Jirani yangu wa meza tunamwita Koma, kwa jinsi anavyozimwaga koma kila mahali.

Kwenye kamati iliyofunga mlango ni hivyohivyo, ila kuna kiapo. Nilikula kiapo hicho nikiwa na miaka ishirini na sita, mkono juu, mbele ya watu watatu. Tangu hapo nimeulizwa na waandishi wa habari, na wafanyabiashara, na mume wangu Mungu amrehemu, ambaye aliuliza mara moja tu akakoma. Siwezi kuanzia kwako. Habari za muswada huo sizijui, na hata ningezijua ungepata sentensi hiihii.

Sasa na mimi nina swali. Sukari ya mama yako umeipa mistari miwili. Kaka yangu umempa maneno matano. Ana nini?

Shangazi yako

9 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Baba hana kitu.

Nimekuelewa. Kiapo ni kiapo. Mimi ni mtoto wa kaka yako tu, siwezi kuzishinda karatasi za serikali. Karakana mbili zimeshaacha kuitumia programu kwa hofu, na mafundi wengine wananipigia simu kuniuliza kama watafungwa. Nawajibu kwamba ninaye mtu ndani ya jengo lenyewe, ila mdomo wake mzito.

Sikusumbui tena.

Mwanao

30 Aprili

Mwanangu,

Nimechelewa kwa makusudi. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira. Zilizofuata nikaona haya, kwa sababu niliisoma barua yako mara ya tano nikaona mwandiko umelala upande, kama unavyoandika ukiwa unalia. Ulikuwa hivyohivyo ulipofeli hesabu darasa la sita.

Hapa wazima. Koma amepata mjukuu. Ametutangazia ofisi nzima, uzito wa mtoto na saa aliyozaliwa, bila kuvuta pumzi, yeye mtu wa koma.

Hapa chini nakunakilia tangazo. Limebandikwa kwenye geti letu na limetoka gazetini, hata muuza karanga wa pale nje amelisoma, kwa hiyo sivunji chochote: "Kamati inakaribisha maoni ya wananchi juu ya Muswada wa Hataza, hususan vifungu vinavyohusu programu za kompyuta. Maoni yafike kwa Katibu wa Kamati kabla ya tarehe 15 Mei. Watakaoitwa watatoa ushahidi hadharani tarehe 10 Juni."

Nilikuwa nimeongeza sentensi moja hapa. Nimeifuta. Usiishike karatasi juani ujaribu kuisoma, nimeifuta sawasawa.

Shangazi yako anayekupenda, hata ukimkasirikia

18 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, na nisamehe. Niliishika juani. Umefuta kweli.

Mama alifika Machi, akafika hadi tarehe nne Aprili. Tunamhesabia ushindi.

Nilipeleka kurasa sita. Juzi Katibu wa Kamati amenipigia simu. Ni mama mpole, anaongea taratibu. Amesema maoni mengi yameletwa na watu wa kompyuta na wa sheria, na wabunge wamechoka kwa sababu hawaoni kitu chenyewe kinachogombewa ni kipi. Akaniuliza kama ninaye mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, aje aonyeshe. Nilikuwa nimeweka sauti nje. Kabla sijajibu baba akasema kutoka kwenye cherehani, "Nakuja mimi."

Sasa inanibidi nikuambie kile nilichokatazwa. Macho ya baba yanaondoka. Ni mwaka wa pili huu. Akikutazama usoni, uso hauoni, anaona masikio yako na kilichoko pembeni. Katikati kumekuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Daktari anasema hayatarudi, ila huenda yasiishe kabisa. Mstari wa chaki hauoni tena. Ile programu, shangazi, hata sikuiandika kwa ajili ya kuokoa kitambaa. Niliiandika ili baba aendelee kukata. Inachapisha mistari minene kama kidole, hiyo anaiona kwa pembeni ya jicho. Wateja hawajui. Mafundi wenzake hawajui. Programu ikizimwa, mkasi wa baba umezimwa nao, naye hajui kazi nyingine wala hataki kuijua.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Mdogo wangu akijua atakuja kunikalisha kwenye kiti na kunipa redio." Kwa hiyo hujui. Tafadhali usijue. Lakini atafika huko jioni ya tarehe 9 peke yake, amekataa nisiende naye, anasema karakana haiwezi kubaki bila mtu. Na jengo lenu lina zile ngazi.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikaikunja, nikaifunua, nikaikunja tena. Aliponifundisha kuendesha baiskeli alikimbia nyuma yangu akishika kiti, akaniapia hajakiachia, kumbe alikiachia zamani. Mtu yule ndiye ananificha macho.

Haya, sijui kitu. Nitampokea kituoni. Nitamwambia goti linanisumbua, anipe mkono kwenye ngazi. Yeye atadhani ananishika mimi.

Nitamfikisha mlangoni mwa chumba cha kamati. Ndani sitakuwepo. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako

24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Baba amerudi kichwa kimevimba, haambiliki. Mama anasema afadhali ungebaki naye huko wiki moja zaidi.

Amenisimulia mara nne na kila mara kunazidi kuwa na chumvi, kwa hiyo nakuandikia lile la kwanza. Getini walimnyang'anya mkasi, wakasema ni silaha. Futi ya kupimia wakamwachia. Ndani akamkuta wakili wa kampuni anasoma maelezo ya hataza: kwamba wamevumbua mfumo ambao kipande cha kwanza na cha pili "huelekezwa kinyume ili kupunguza nafasi isiyotumika". Mwenyekiti akamuuliza baba anasemaje. Baba akajibu kwamba programu haijui, anajua kitambaa, na ili aonyeshe anahitaji mwili.

Basi Mwenyekiti akasimama akapimwa. Wewe unamjua baba, hawezi kupima bila kutaja kwa sauti. Shingo kumi na saba, kifua arobaini na sita, kiuno arobaini na nane! Vidole vyake vinaijua futi, alikuwa ameitia mafundo madogo ya uzi kila inchi. Anasema chumba kizima kilicheka, na Mwenyekiti akasema kiuno chake ni arobaini na mbili, baba akamwambia, "Hiyo ilikuwa zamani, mheshimiwa."

Halafu akaitandaza karatasi yake ya kaki juu ya meza yao, juu ya makaratasi yao yote, muswada wenyewe ukiwa chini. Akakunja, akapitisha ukucha, akachana. Mgongo, mbele, kola, mikono. Akachukua mikono miwili ya shati akaipanga, kichwa cha huu kwenye miguu ya ule. Akamgeukia wakili, akamwambia, "Huo mfumo wako ni kulala mzungu wa nne. Watoto wakiwa wengi na kitanda kimoja, kila mama anaujua."

Wakili akasema mashine inafanya kwa sekunde moja. Baba akasema hata yeye alipokuwa kijana alikuwa mwepesi, lakini hakwenda serikalini kusema kwamba wepesi ni wake peke yake. "Mwanangu aliniuliza ninavyofanya, akaiambia mashine. Mkimkataza yeye, mmenikataza mimi."

Kisha mbunge mmoja mama akamuuliza swali la haki kabisa. Kama unajua kwa mikono hivi, kwa nini unahitaji programu?

Baba anasema aliikunja futi yake, akaiweka juu ya meza. Halafu akasema, "Kwa sababu sioni."

Alisema hivyo mbele ya watu arobaini na kanda inazunguka, jambo alilokataa nikuambie wewe peke yako. Alipolisimulia hapo tu ndipo hakutia chumvi.

Amekuja na dukuduku moja. Alidhani utakuwa pale mezani. Alimuuliza bwana mmoja mwandishi, akaambiwa hukuwepo siku hiyo. Hakulaumu, lakini amelitaja mara mbili. Shangazi, ulikuwa wapi?

Na mimi nikiri langu. Ile fomu ya kampuni niliisaini tangu mwezi wa tatu, siku ileile niliyokuandikia kwa jeuri. Imo kwenye bahasha yenye stempu, juu ya kabati la vitambaa. Kila Jumatatu naishusha, naitazama, nairudisha. Baba na mama hawajui. Kura ikienda vibaya nitaituma, angalau mafundi wasishtakiwe. Ila sijui nitamwambia nini mzee akiniomba nimchapie karatasi.

Mwanao

13 Agosti

Mwanangu, Mama Maswali,

Habari umezisikia redioni jana kabla sijatafuta kalamu. Lakini redio haijui nilivyozisikia mimi, na nina madeni ya majibu. Kwanza salamu. Goti limepungua. Lifti inafanya kazi! Yule fundi wa Jumanne amegundua kwamba ilikuwa imezimwa swichi.

Uliniuliza nilikuwa wapi. Barua yako ya kwanza niliipata jioni. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa msimamizi wetu nikamwambia, muswada huu unamgusa mtoto wa kaka yangu, nitoe. Hakuna aliyeniuliza. Ningeweza kunyamaza na kubaki mezani, nikisikia kila kitu. Lakini nilijijua. Ningebaki, siku moja ningekuandikia sentensi nikasahau kuifuta. Akanipeleka chini, kwenye chumba cha kumbukumbu za zamani, kuanzia Februari hadi mwisho wa Julai. Ndiyo maana nilikuambia nashuka zaidi kuliko kupanda. Nilipokuandikia kwamba habari za muswada sizijui, ilikuwa kweli tupu, mwanangu. Ulinikasirikia kwa siri ambayo sikuwa nayo.

Kwa nini sikukuambia? Ungejilaumu. Na nilitaka unione mgumu kuliko unione nimeteremshwa.

Tarehe 10 Juni nilimfikisha kaka yangu mlangoni, nikamsukuma kidogo mgongoni, nikashuka. Nilikaa kwenye masanduku. Kicheko cha ile futi nilikisikia mpaka kule chini, nikajua amempima mtu. Kesho yake kumbukumbu zilipotoka hadharani nilizisoma nikiwa nimesimama. Mwenyekiti aliomba kiuno chake kifutwe. Koma akamwambia kwa heshima zote kwamba kilichosemwa kimesemwa. Karatasi ya kaki nayo imehifadhiwa, Kiambatisho Namba Saba. Niliipokea mimi mwenyewe kule chini, nikaiwekea muhuri. Halafu nikafika kwenye mstari wa "SHAHIDI: Kwa sababu sioni." Koma hakuweka koma hata moja. Nilikaa chini tena.

Sasa ya jana. Kikao cha bunge zima kinahitaji waandishi wote wanane, na mjadala ni wa wazi, kwa hiyo msimamizi alinirudisha juu. Kulikuwa na marekebisho kutoka kwenye kamati: programu ya kompyuta peke yake isihesabiwe kuwa uvumbuzi wa kupewa hataza. Waliongea asubuhi nzima. Waliopinga hawakuwa wajinga, nikuambie ukweli. Mmoja alisema vijana wetu wanaibiwa kazi zao kila siku bila kinga, na nilimwandika vizuri kama nilivyowaandika wengine. Yule mbunge mama akasimama. Alisema wazo la fundi lililopita kwenye mashine halijabadilika kuwa la mwenye mashine. Zamu yangu ilianza hapo.

Dakika yangu ya tisa, Spika akaita kura. Wakaanza kuhesabu mikono. Upande mmoja wa ukumbi ulikuwa umeshahesabiwa, karani anaandika, mimi nimeinua kalamu, na bega langu likaguswa. Koma. Dakika zangu kumi zimeisha.

Miaka ishirini na tatu nimeinuka kila nilipoguswa. Jana nusura nisiinuke. Nikainuka. Nikatoka, mlango ukafungwa nyuma yangu, nikaenda kwenye chumba cha kuchapa, nikavaa vile vya masikioni, nikaanza kuchapa hotuba niliyokwisha kuisikia. Vidole vilikuwa vinatafuta herufi kama vya mtu anayeanza kazi. Nilikuwa nimeshapanga moyoni nitakavyokuja huko kukaa naye, na redio nitakayomnunulia, na jinsi atakavyoikataa.

Koma aliingia baada ya dakika kumi. Hakusema kitu, sheria ni hiyo, hatusimuliani. Alichapa ukurasa wake, akauweka mezani kwangu nimkagulie makosa, kama anavyofanya kila siku. Wanaokubali marekebisho, mia moja na kumi na mbili. Wanaokataa, tisini na saba. Marekebisho yamepita.

Nilikagua, mwanangu. Nilirudia mstari baada ya mstari kwa sababu sikuwa naona vizuri. Nikamwambia ukurasa hauna kosa, ila itabidi auchape upya, nimeulowesha. Akasema alikuwa amechapa nakala mbili. Halafu akanipa leso yake akatoka nje, tena huyo si mtu wa kutoka nje.

Kwa hiyo bahasha iliyoko juu ya kabati ishushe leo, hata kama si Jumatatu. Ichane mwenyewe, usimpe mtu mwingine raha hiyo. Wapigie mafundi wote, waliobaki na wale wawili walioogopa. Washa mashine, mchapie mzee karatasi, mistari minene kadiri anavyotaka.

Na mwambie kwamba najua. Mwambie sina mpango wa kumkalisha popote. Akate.

Shangazi yako